Sakafu ya Mmoja, Dari ya Mwingine

Maghorofa marefu ya Michenzani yalipojengwa katika zama za baada ya Mapinduzi, kwa michoro ya wahandisi wa Ujerumani ya Mashariki, watu wengi wa Ng'ambo ya Unguja, waliozoea nyumba za udongo zenye baraza mbele na ua nyuma, walijikuta katika maskani ambayo jirani hayuko tena ubavuni, bali yuko juu ya vichwa vyao. Hali hiyo ndiyo waliyo nayo leo wakazi wa Kariakoo na Upanga jijini Dar es Salaam, wa Nairobi na wa Mombasa. Na wengi wao, usiku unapoingia na mji kutulia, hulala wakihesabu nyayo za watu wasiowajua hata majina.

Mwenye kutaka kuiondoa adha hii hana budi kwanza aijue asili yake, kwani kelele za ghorofani ni za namna mbili, na dawa ya moja siyo dawa ya nyingine. Ya kwanza ni sauti ipitayo hewani, kama vile mazungumzo, redio na kilio cha mtoto, na hiyo zege nzito huizuia vyema, hata aghalabu inapotufikia huwa imepita madirishani, ambayo sisi watu wa pwani huyaacha wazi tupate upepo. Ya pili ni mshindo: kisigino kipigacho sakafu, kiti kiburutwacho, mchi utwangao kinuni. Mshindo hauihitaji hewa. Huingia ndani ya zege yenyewe, ukasafiri humo kwa kasi inayozidi ile ya sauti hewani mara kumi hivi, ukashuka hata kuta, na sakafu nzima ikatikisika kama ngozi ya ngoma. Ndiyo maana mtu anaweza asisikie neno lolote la jirani yake wa juu, ilhali anajua saa aamkayo, upande aulaliao mkewe, na siku mwanawe alipoanza kutembea.

Katika nyumba za zamani kinu kilikaa uani, na ardhi ikalimeza pigo la mchi. Leo kinu kile kile kimepandishwa ghorofa ya nne, kikawekwa juu ya vigae vilivyobandikwa moja kwa moja kwenye zege, na mama atwangaye kisamvu cha watoto wake baada ya kutoka kazini, asiye na dhamira yoyote ya kumuudhi mtu, humtikisia aliye chini taa, vyombo na moyo. Vigae tumevipenda kwa haki, kwa kuwa ni baridi na husafishika upesi. Lakini kitu kigumu juu ya kitu kigumu hakibakishi pa kuufisha mshindo.

Wala asidhani mtu kwamba maudhi haya ni ya udhaifu wa nafsi. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 1999, lilishauri kelele za mfululizo chumbani mwa kulala zisizidi desibeli 30, na mshindo mmoja mmoja usizidi 45, kwa sababu usingizi unaokatika mara kwa mara hudhoofisha mwili hata kama mlalaji hakumbuki kuwa aliamka.

Sasa yafaa tulitazame jambo ambalo wengi hughafilika nalo. Sauti ya hewani aliye chini anaweza kujikinga nayo kwa kufunga dirisha. Lakini mshindo hauzuiliki barabara ila pale unapozaliwa, yaani juu. Dari ya pili iliyoning'inizwa hupunguza kiasi, kisha mshindo ukateremkia kutani. Kwa hiyo dawa imo mikononi mwa yule yule anayelalamikiwa, na kila neno la ukali tumwambialo linatupunguzia tumaini la kupona. Kugonga dari kwa mpini wa ufagio, kumtuma mtoto na ujumbe wa hasira, au kupanda ngazi usiku wa manane macho yakiwa mekundu, ni kuifunga kwa mikono yetu njia pekee tuliyo nayo.

Badala yake, apande mtu baada ya alasiri, peke yake, pasipo mashahidi; na ikiwa hawajapata kujuana, atangulize sahani ya kitu alichopika, kwa desturi yetu ya kale ambayo sahani ya jirani hairudi tupu. Abishe hodi, asalimie, aulize hali za watoto, kisha aseme: "Bibi, nimekuja kukuomba kitu. Sisi tulio chini tunasikia mshindo usiku, na najua wewe hujui. Tafadhali, shuka nami kidogo uje usikie." Akishuka, akaketi kitandani pa mwenzake wakati mwanawe anakimbia juu, atayajua kwa dakika moja yale ambayo barua kumi zisingemfahamisha, kwani aishiye juu haisikii sakafu yake kama isikikavyo chini.

Baada ya hapo tiba si ghali. Miguu ya viti na meza ivishwe vipande vya mpira. Kinu kiwekwe juu ya zulia lililokunjwa, karibu na ukuta wa nje, na kutwanga kuishe kabla ya isha. Mashine ya kufulia ikalie mpira mzito. Ukumbini na njiani litandikwe zulia nene lenye sponji chini yake. Desturi yetu ya kuvua viatu mlangoni, tuliyoiweka kwa ajili ya usafi na heshima, hapa huleta na faida ya pili.

Ikiwa jirani amekataa ihsani, basi ziandikwe siku na saa za kelele, shauri lifikishwe kwa mwenye nyumba, kisha kwa sheha au mjumbe. Tanzania Bara imekuwa na sheria ya umiliki wa sehemu za majengo tangu mwaka 2008, na Kenya ilitunga yake mpya mwaka 2020. Zote mbili huwapa wamiliki umoja wenye kanuni za ndani, na humo ndimo mwa kuandika saa za utulivu kabla ugomvi haujazuka.

Lakini lawama kubwa naiweka kwa wajenzi. Tabaka jembamba la mpira au la koki, ile ya vizibo vya chupa, likilazwa kati ya zege na vigae, na vigae visiguse ukuta, lingewapunguzia maelfu ya watu bughudha hii kabla hawajahamia. Na kila anunuaye au apangaye nyumba ghorofani ana haki ya kuuliza kama limo. Mpaka waulizaji watakapokuwa wengi, usingizi wa aliye chini utabaki kuwa amana mikononi mwa aliye juu, na amana haidaiwi kwa ugomvi.