Ramani ingesema mapema Owino Uhuru

Ramani si ya kuita teksi tu. Ukipanga juu yake nyumba, shule, mitaro na upande upepo unakovuma, kompyuta inakadiria sumu ya kiwanda itatua wapi, hata kabla jiwe la kwanza kuwekwa.

Owino Uhuru, kule Mikindani, hawakubahatika. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza 2007, ukuta kwa ukuta na makazi, bila tathmini ya mazingira kwanza. Madini ya risasi yakaingia kwenye damu ya watoto. Mwaka 2020 mahakama Mombasa iliamuru wakazi walipwe Sh1.3 bilioni.

Sheria inakuruhusu kutoa maoni. NEMA ikitangaza mradi mtaani kwenu, itisha ramani, kisha uliza: moshi huu unaelekea kwa nani?