Weupe wa Shashi katika Mchoro wa Berthe Morisot

Mchoro wa Berthe Morisot uitwao Le Berceau, yaani susu au kitanda cha kulazia mtoto mchanga, ulichorwa kwa rangi ya mafuta mwaka 1872, nao unamwonesha Edma, dada wa msanii huyo, akiwa ameketi kimya akimtazama binti yake Blanche aliyelala. Mkono wa kushoto wa mama umekunjwa kuegemea shavu, na mkono wa mtoto umekunjwa vivyo hivyo, hata jicho la mtazamaji likashuka lenyewe kwa mshazari kutoka macho ya mama hadi yale ya mtoto yaliyofumbwa.

Morisot alikuwa miongoni mwa wasanii wa Uimpreshonisti, mkondo wa uchoraji uliozuka Ufaransa ambao wafuasi wake waliacha kulainisha kila umbo, wakaziacha alama za brashi zionekane ili wanase mwanga jinsi jicho linavyoupokea kwa muda ule. Ustadi huo unadhihirika zaidi katika shashi, kitambaa chembamba mfano wa chandarua kilichofunika susu. Kwa mbali shashi hiyo ni nyeupe. Kwa karibu, weupe wake umejengwa kwa kijivu na samawati hafifu, na uso wa mtoto unaonekana nyuma yake kama ulio ndani ya ukungu. Mama ameishika kwa vidole, akaivuta kati ya mtoto na mtazamaji, ili kile anachokiona yeye waziwazi wengine wakione kwa kukisia tu.

Ni makosa kuuona mchoro huu kuwa sifa ya umama na basi. Edma naye alikuwa mchoraji, aliyefunzwa pamoja na mdogo wake Berthe na kuongozwa na mchoraji Camille Corot, lakini aliiweka brashi chini baada ya kuolewa na ofisa wa jeshi la majini mwaka 1869. Kwa hiyo anayetazama hapa ni mtu mwenye jicho la msanii, na utulivu wa uso wake una uzito ambao upole peke yake hautoshi kuueleza.

Mchoro huo ulioneshwa Paris mwaka 1874, katika maonesho ya kwanza ya wasanii wa Uimpreshonisti, wala haukupata mnunuzi. Ulibaki mikononi mwa familia hadi mwaka 1930, uliponunuliwa na jumba la makumbusho la Louvre. Leo umetundikwa katika Musée d'Orsay.