Betri Haifi kwa Kazi, Hufa kwa Njaa

Mtu asimamaye Mlowo, katika Wilaya ya Mbozi, huona malori yakipita mchana na usiku kwenda Tunduma na kurudi. Betri za malori hayo hufanya kazi nyingi, na hata hivyo hudumu. Lakini motakaa ilazwayo chini ya mti tangu mavuno hata mavuno, betri yake hufa mapema, na mwenyewe hushangaa, maana hakuitumia. Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu sababu yake, kwa kuwa betri si kitu cha bei ndogo, na wengi huipoteza kwa kutojua.

Jambo hili walijua sana watunzao motakaa za zamani za mashindano. Gari la namna ya Datsun 240Z, iliyoshinda Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971 na tena 1973, leo hukaa bandani miezi mingi na kutolewa siku chache tu. Mbio zake zote hazifai kitu ikiwa betri imelala na njaa.

Asili ya betri hizi ni ile aliyoitengeneza Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Betri ya volti 12 ina vyumba 6, na katika kila chumba mna mabamba ya risasi yaliyozama katika maji makali ya asidi. Umeme utokapo, chumvi nyeupe hushika mabamba. Betri ikichajiwa upesi, chumvi hurudi katika asidi. Ikiachwa majuma mengi, hugeuka ngumu kama ukoko wa chungu, wala chaja haiiondoi yote. Na betri isiyotumiwa hupoteza umeme wake polepole, hata waya zikiwa zimefunguliwa.

Basi yafaa kufanya hivi.

Kwanza, gari likilazwa, fungua waya za betri. Waya uendao kwenye bodi ufunguliwe kwanza na ufungwe mwisho, ili spana isigonge bodi na kutoa cheche.

Pili, ipime kila mwezi baada ya kupumzika saa kadhaa. Volti 12.6 ni shibe, 12.2 ni nusu, 12.0 ni njaa. Katika asubuhi za baridi za Juni na Julai, betri yenye njaa haiwezi kuzungusha injini.

Tatu, ichaji polepole. Betri ya ampea 60 kwa saa hutoshwa na ampea 6. Kuwasha gari dakika chache na kulizima si kuchaji: kuwasha kwenyewe hula umeme, na dinamo ya gari la zamani hutoa kidogo injini iendapo polepole.

Nne, kwa betri yenye vifuniko, mabamba yafunikwe na maji daima. Yakipungua, ongeza maji yaliyosafishwa yauzwayo dukani. Usitie maji ya kisima, yana chumvi zake. Wala usitie asidi, maana kipunguacho ni maji, asidi imebaki ndani.

Tano, wako watumiao betri ya gari kwa taa za nyumbani. Mabamba yake ni membamba, yametengenezwa kwa kuwasha injini, si kwa kukamuliwa usiku kucha. Taa zikianza kufifia, zimeni, na asubuhi ichajiwe.

Sasa hatari zake. Betri ichajiwapo hutoa hewa ya haidrojeni, iwezayo kulipuka. Kwa hiyo ichajiwe mahali penye upepo, mbali na kibatari na sigara. Asidi ikiingia jichoni, osheni kwa maji mengi, robo saa au zaidi, kisha mpelekeni mtu hospitali. Betri iliyokufa isivunjwe nyumbani kwa kutafuta risasi. Kijijini Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha risasi ya betri kuukuu kiliwadhuru watu wengi, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe. Risasi hudhuru akili za watoto.

Walimu waweza kuwaonyesha wanafunzi mambo haya, na wakubwa wa vijiji kuyasema barazani. Mwenye ng'ombe hamnyimi majani kwa sababu leo hakumkamua. Mwenye betri naye afanye vivyo hivyo.