Boda wa Kambu na nyayo za panya

Pale Kambu, kati ya Kibwezi na Mtito Andei, boda na malori ya Mombasa hugawana lami moja. Boda akirushwa akaangukia bega, vidonda vinaweza kupona lakini mkono ukabaki unaning'inia tu. Hapo shida si mfupa. Ni mishipa ya fahamu itokayo shingoni, imevutika au imekatika.

Mshipa wa fahamu hukua tena, ila polepole mbaya: kama milimita 1 kwa siku. Piga hesabu. Kutoka shingoni hadi vidoleni ni kama milimita 700, yaani karibu miaka 2. Na misuli haingoji milele. Ikikaa zaidi ya mwaka bila mshipa, hunyauka. Ndiyo maana wanasayansi wanasaka dawa ya kuharakisha mambo, na wanaanza na panya.

Sasa panya utamuuliza vipi kama anasikia nafuu? Mwaka 1982 watafiti wa Marekani walipata ujanja: panya atembee, aache nyayo za miguu yake ya nyuma, kisha uzipime. Unyayo ni mrefu kiasi gani? Vidole vimetanuka? Fomula inakupa alama: karibu na 0 yuko fiti, karibu na -100 mguu umelala.

Poa, lakini mtu mwenye rula huchoka. Nyayo huchafuka, watu wawili hupata namba mbili, na anayeiombea dawa yake ifaulu huona nafuu hata pasipo nafuu.

Siku hizi kazi hiyo inapewa kamera na kompyuta. Programu ya DeepLabCut, iliyotoka 2018, ni ya bure. Unaweka alama kwenye vidole na kisigino katika picha mia mbili hivi, inajifunza, kisha inafuata miguu yenyewe kwenye video. Haina dawa inayoishabikia. Lakini ukiifunza vibaya itakosea bila aibu, kwa hivyo jicho la mtu bado lahitajika.

Wewe unayejifunza kukodi, hapo kuna kazi ya maana.

Na wewe wa boda, usingoje panya. Mkono ukikataa kuinuka baada ya ajali, usikubali kukandwa tu nyumbani. Uliza hospitalini kuhusu mishipa mapema. Upasuaji hufaulu zaidi ndani ya miezi 6 ya kwanza.