Kutoka Hifadhidata hadi Kivinjari (Sehemu ya Tatu)

Wiki iliyopita tuliona jinsi PHP inavyochota data kutoka MySQL. Leo tuifikishe data hiyo kwa JavaScript, hatua inayowakwamisha wanafunzi wengi.

PHP hufanya kazi kwenye seva. JavaScript huanza kazi baadaye, ndani ya kivinjari cha msomaji. Lugha hizi hazikutani. Kinachosafiri kati yake ni maandishi matupu, kwa hiyo PHP haikabidhi thamani, bali huandika msimbo utakaosomwa na kivinjari.

Wengi hubandika tu jina kati ya alama za nukuu: var mji = 'Nakuru'; na mambo huenda sawa. Kisumu hupita, Mombasa hupita. Ikija Murang'a, kivinjari huichukua apostrofi kuwa mwisho wa neno, herufi ya mwisho hubaki nje, na skripti nzima hugoma. Kwetu sisi wenye akina Ng'ang'a na mitaa kama Lang'ata, kasoro hii si ya nadra hata kidogo.

Lakini apostrofi ni dalili tu. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kujaza msimbo mahali pa jina, nao ukatekelezwa kwa kila atakayefungua ukurasa. Mwezi Oktoba 2005, programu iliyojulikana kama Samy ilitumia udhaifu wa jamii hii katika MySpace, ikaenea kwa watumiaji zaidi ya milioni moja kabla ya saa 24 kutimia.

Dawa imo ndani ya PHP yenyewe tangu toleo la 5.3 la mwaka 2009:

var mji = <?php echo json_encode($mji, JSON_HEX_TAG); ?>;

Usiongeze alama za nukuu. Json_encode huziweka yenyewe. JSON_HEX_TAG nayo hugeuza alama za < na >, ili maandishi ya mtumiaji yasiweze kuifunga skripti yako kabla ya wakati.

Namba ndefu nazo ziangaliwe. JavaScript hutunza namba kamili kwa uhakika hadi 9,007,199,254,740,991, ilhali BIGINT ya MySQL hufika tarakimu 19. Zitume kama maandishi, la sivyo tarakimu za mwisho zitabadilika bila onyo lolote.

Tena, msitume safu zote za jedwali kwa uvivu wa kuandika SELECT *. Chochote kinachofika kwenye kivinjari, mtumiaji anaweza kukisoma, hata kama ukurasa haukionyeshi.