Kazi za Usiku Ndani ya Kompyuta: Kwa Nini Hushindwa?

Kompyuta inayohudumia watu wengi kwa pamoja, yaani seva, hailali. Watumiaji wake wakiisha kwenda zao, yenyewe hunakili mafaili ya akiba, hufuta yasiyohitajika tena na hutayarisha taarifa za kesho. Kazi hizo hazimngoji mtu abonyeze kitufe, kwani zimepangiwa saa. Hata hivyo, hutokea mara nyingi kwamba programu iliyokwenda barabara mchana, ilipoendeshwa kwa mkono, hushindwa usiku kimyakimya. Madhara yake si madogo. Shule iliyoweka alama za wanafunzi wake katika seva yaweza kukaa miezi ikiamini kwamba nakala za akiba zipo, ikagundua siku diski inapoharibika kwamba hakuna hata moja.

Katika mifumo ya jamii ya Unix, mwenye zamu ya kazi hizi ni programu iitwayo cron, iliyotolewa pamoja na toleo la 7 la Unix mwaka 1979. Huzinduka kila dakika na kutazama kama kuna kazi iliyofikiwa na wakati wake. Kila mstari wa ratiba huanza na nafasi tano: dakika, saa, tarehe, mwezi na siku ya juma, kisha hufuata amri yenyewe. Alama ya nyota maana yake ni "kila". Hivyo "30 2 * * *" ni kila siku, dakika ya 30 baada ya saa 2 kwa hesabu ya kuanzia usiku wa manane. Kwa Kiswahili, saa nane na nusu usiku.

Hapo ndipo penye chanzo cha kwanza cha makosa. Mbali na tofauti ya saa sita kati ya hesabu ya kompyuta na ya Waswahili, seva nyingi hufuata saa ya ulimwengu, iliyo nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Katika seva ya namna hiyo, kazi iliyotajwa itaanza saa kumi na moja na nusu alfajiri.

Chanzo cha pili ni mazingira. Mtu anapoingia katika seva, mfumo humwandalia orodha ya saraka ambamo programu zake zitatafutwa. Cron hutoa orodha fupi mno, aghalabu ya saraka mbili tu. Kazi ya usiku hufanana na fundi aliyeitwa katika nyumba ngeni: ufundi anao, lakini hajui nyundo imewekwa wapi.

Chanzo cha tatu ni ukomo wa matumizi. Tangu mfumo wa 4.2BSD uliotolewa na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1983, programu katika Unix huweza kuwekewa mipaka ya muda wa kichakato, ukubwa wa faili na kadhalika. Kila mpaka una sehemu mbili: ukomo laini, ambao mtumiaji aweza kuupandisha, na ukomo mgumu, ambao hawezi kuuvuka bila idhini ya msimamizi. Programu hurithi mipaka ya ile iliyoizaa; kwa hiyo kazi iliyozaliwa na cron yaweza kuwa na mipaka tofauti na ile ya mwenyewe aliyeingia kwa mkono.

Tuchukue mfano. Kazi huanzishwa kila baada ya dakika 5, nayo hukwama bila kumalizika. Mwenyewe ameruhusiwa michakato 100, na kila kazi huhesabiwa mmoja. Kazi ya 101, iliyotakiwa kuanza dakika 500 baada ya ile ya kwanza, yaani saa 8 na dakika 20, hukataliwa. Asubuhi mwenyewe akitaka kuingia, naye hukataliwa.

Msomaji asidhani kwamba ukomo ni adui. Tarehe 2 Novemba 1988 programu iliyoandikwa na Robert Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, ilijinakili kutoka kompyuta hadi kompyuta. Mashine zilizoambukizwa mara nyingi zilielemewa na nakala zake hata zikashindwa kufanya kazi za wenyewe. Ukomo humzuia mmoja asile chakula cha wote.

Utafutaji wa kosa na ufuate utaratibu. Kwanza, daftari la matukio litazamwe: je, kazi ilianza? Pili, maneno yote inayotoa, pamoja na ya makosa, yaelekezwe katika faili. Tatu, amri "env" na "ulimit -a" ziwekwe ndani ya kazi yenyewe, na majibu yake yalinganishwe na yale ya mchana. Tofauti itakayoonekana ndiyo ya kuchunguzwa kwanza. Dawa hufuata: njia kamili ya kila programu iandikwe, kazi mpya izuiwe kuanza kabla ya ile ya awali kuisha, na kazi iliyokwama ikatishwe. Kupandisha ukomo peke yake ni kuahirisha tatizo: kwa michakato 200, kazi ile ile ingefika mwisho wake baada ya saa 16 na dakika 40.