Kipoozaji kipya cha kadi ya michoro: Pima kwanza, nunua baadaye

KWA mhariri wa video za harusi aliye na duka dogo pale Kyumbi, njiapanda ya kuelekea mjini Machakos kutoka barabara kuu ya Mombasa, tarakilishi inayozimika katikati ya kazi ni hasara isiyoweza kufichwa. Mteja hungoja, na siku ya malipo husogezwa mbele.

Mara nyingi lawama huiangukia kadi ya michoro, kifaa kinachotayarisha picha zinazoonekana kwenye skrini na ambacho hutoa joto jingi kinapofanya kazi nzito. Mwenye duka hushauriwa aabiri matatu hadi barabara ya Luthuli, Nairobi, akatafute kipoozaji kingine cha kuchukua nafasi ya kile kilichotoka kiwandani.

Je, kifaa hicho kinastahili gharama yake?

Vipoozaji vya aina hii vilivuma katika miaka ya 2000. Mnamo 2003, kampuni ya NVIDIA ilitoa kadi ya GeForce FX 5800 Ultra, ambayo feni yake ilikuwa na kelele kiasi cha kufananishwa na mashine ya kufyonza vumbi. Kampuni kama vile Zalman ya Korea Kusini na Arctic, iliyoanzishwa Uswisi mnamo 2001, zilijipatia soko kwa kuuza vipoozaji vikubwa na vitulivu zaidi. Kimoja cha Arctic, Accelero Xtreme III, kina feni 3 za milimita 92 na mabomba 5 ya shaba.

Ukubwa huo una sababu. Joto hutoka kwenye chipu, hupita katika mafuta mazito yaliyopakwa juu yake, huingia kwenye shaba, kisha husambaa katika mapezi membamba ya alumini ambayo feni huyapuliza. Mapezi yakiwa mengi, feni yaweza kuzunguka polepole na bado ikaondoa joto lile lile.

Hata hivyo, vipimo hupotosha visipochukuliwa kwa makini. Chukua mfano wa kadi iliyofikia nyuzi 84 za Selsiasi alasiri ya Februari, chumba kikiwa na nyuzi 30. Baada ya kufungwa kipoozaji kipya, ikapimwa asubuhi ya Julai katika nyuzi 22, ikasoma 68. Muuzaji atasema joto limeshuka kwa nyuzi 16. Lakini ukiondoa joto la chumba, tofauti ya kwanza ilikuwa 54 na ya pili ni 46. Faida halisi ni nyuzi 8 tu.

Isitoshe, anayefunga kipoozaji kipya huondoa vumbi na kupaka mafuta mapya kwa wakati mmoja. Huenda sehemu kubwa ya nafuu ikatokana na usafi huo, si kifaa kilichonunuliwa.

Kwa hivyo, njia ya haki ni kupima mara tatu: kadi ikiwa ilivyo; baada ya kusafishwa na kupakwa mafuta mapya; na baada ya kufungwa kipoozaji kipya. Kazi iwe ile ile, kwa muda ule ule, na kasi ya feni iandikwe. Programu ya GPU-Z, isiyolipiwa, huonyesha joto na kasi hiyo. Hatua ya pili ikitosha, hakuna haja ya kununua chochote.

Matokeo ya majaribio ya ng'ambo nayo yasichukuliwe kama yalivyo. Katika mwinuko wa takriban mita 1,600, kama ulivyo ukanda wa Machakos, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani. Feni husukuma hewa kwa ujazo ule ule, lakini hewa hiyo hubeba joto pungufu.

Mnunuzi ahakikishe pia kwamba matundu ya skrubu yanalingana na ya kadi yake, kwamba kasha lina nafasi ya kutosha, na kwamba chipu za kumbukumbu na za kudhibiti umeme hazitaachwa bila kupoozwa. Chipu kuu yaweza kusoma vizuri ilhali hizo zinaungua. Aidha, kuifungua kadi kwaweza kubatilisha dhamana yake.

Mwisho, kadi nyingi za kisasa hupunguza kasi zenyewe zinapokaribia kikomo cha joto, kabla ya kuzima. Mashine ikizimika ghafla ilhali kadi ingali na nyuzi 65, huenda tatizo liko kwenye kifaa cha kugawa umeme, na hakuna kipoozaji kitakacholitatua.

Mali bila daftari, wahenga walisema, huisha bila habari. Karatasi yenye vipimo vitatu ni rahisi kuliko kipoozaji chochote dukani.